Nusu Mbili za Namba Tano

"Soma tena! Soma tena hapo, wote wasikie!" jirani mmoja alipaza sauti.

"Nisome mara ngapi? 'Akiulizwa habari za mumewe hucheka kwanza, ndipo hujibu.' Haya, nani hapa uani anayecheka kwanza? Si mimi? Sasa nataka kujua nani amekwenda kunitangaza mpaka nikaandikwa!"

Mama Mapacha alisimama katikati ya ua, mkono mmoja umeshika kikaratasi chenye mikunjo, mkono wa pili umejaa karanga alizosahau kuzila. Mbele yake alikuwa Msusi, kitana kimechomekwa nyweleni. Mteja wake alikuwa ameachwa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama wima kama iliyoshtushwa na kelele zile.

"Kwanza hiyo si wewe," Msusi alisema. "Hiyo ni mimi. Nipe karatasi yangu."

"Yako kwa lipi? Karanga nimenunua mimi, na kilichofungiwa karanga ni changu."

"Mama Mapacha, usinichezee. Mume wako yuko ndani anakoroma, nani ana haja ya kukuuliza habari zake?"

"Aaa! Kumbe unajua mpaka anavyokoroma!"

Watu walicheka, maana watu walikuwepo. Ilikuwa Jumapili asubuhi, na nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakuombea afya. Mlinzi wa ghala, aliyekuwa ametoka zamu na aliyepaswa kulala, alikuja na mswaki mdomoni. Wale ndugu wawili wa chumba cha mwisho walikaa juu ya ndoo zao kabisa, kama watu waliokata tiketi.

Hapo ndipo aliposukuma geti Mzee Karani. Ukarani wenyewe alishastaafu miaka minne iliyopita, lakini tai alikuwa hajaivua, hata Jumapili. Alikuwa anatafuna polepole, na miwani ilikuwa puani, kwa sababu mzee huyu hawezi kushika karatasi asiisome, hata kama imefungiwa sabuni.

"Tulieni kidogo," alisema kwa furaha, hajui kaingia wapi. "Kuna mtu kaandika vizuri sana humu. Mwandiko safi. Sikilizeni: 'Kila Jumapili asubuhi hufua shati moja la mwanamume, la buluu, ambalo halijavaliwa na mtu, na kulianika mahali pa kuonekana. Mumewe hajarudi mwaka wa pili sasa. Huu ni ukanaji: akili hukataa jambo kwa sababu kulikubali kunauma mno.' Halafu chini hapa: 'Mshiriki ameridhia kuchunguzwa: Ndiyo.'"

Hakuna aliyemwangalia. Macho yote, hata ya yule mteja mwenye nusu kichwa, yalikuwa kwenye kamba. Shati la buluu lilikuwa limeanikwa pale katikati, vifungo vyote vimefungwa, likitiririsha maji.

Mama Mapacha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Alishusha mkono wenye kikaratasi. Ile nusu ya juu aliyokuwa akiipigania ghafla hakuitaka tena.

Msusi alimwendea, akaichukua. Akamwendea Mzee Karani, akaichukua na ya kwake, karanga zikamwagika chini. Akaviunganisha vipande viwili, mstari uliokatika ukakutana na mwenzake. Alisoma midomo ikimcheza.

"Nani aliyeridhia?" aliuliza.

Halafu akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Wenzake walimjua kwa kubamiza milango. Upole ule uliwatisha.

* * *

Mwandiko ule hatimaye kila mtu aliutambua. Ni mwanamke mmoja tu katika nyumba ile aliyekuwa akikaa barazani jioni na kalamu, na ndiyo maana walimwita Profesa.

Uprofesa wake wa mchana ulikuwa wa ndoo na tambara. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifagia na kupiga deki hospitali ileile, wodi ileile, akiwapisha watu wanaovaa viatu safi. Mwaka huu hospitali ilitangaza kwamba kitengo cha ushauri kinataka wasaidizi wawili, na watachukuliwa wafanyakazi wa ndani watakaofaulu kozi ya jioni ya utangulizi wa saikolojia. Profesa alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Kwake msaidizi wa kitengo cha ushauri alikuwa mtu anayekaa kwenye kiti. Mtu anayemwambia mgonjwa, "Nakusikiliza," na kweli akamsikiliza, badala ya kumwambia, "Inua miguu nipitishe tambara."

Kozi ilikuwa imefika mwisho. Ilibaki kazi moja: uchunguzi wa tabia za watu wanane wa karibu, kila mmoja ukurasa wake, na ridhaa yake chini. Kurasa za asili, si nakala. Mwisho wa kukabidhi ulikuwa kesho, Jumatatu, saa nne asubuhi, na mwalimu wao wa jioni, mwanamke mwembamba asiyeishiwa na mafua, alikuwa ameshasema asiyekabidhi hafanyi mtihani. Darasa lingine lilikuwa halijulikani, na nafasi zilikuwa mbili tu.

Alirudi saa tatu na nusu kutoka zamu ya alfajiri, mikono inanuka dawa ya sakafu. Alipoingia getini watu wote walimgeukia. Aliona vipande vya karatasi mikononi mwao. Aliona wino wake wa buluu.

"Shikamoo Profesa," Mama Mapacha alisema, na ilikuwa salamu ya kumchoma, kwa kuwa yeye Mama Mapacha ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. "Karibu. Tunakusoma."

"Zimetoka wapi hizo?"

"Zimekuja na karanga, mwanangu," alisema Mzee Karani, na sasa alionekana kama mtu anayetamani kuimeza sauti yake.

Profesa hakuuliza tena. Muuza karanga wa nyumba ile alikuwa mmoja.

* * *

Mama mkwe wake alikaa kwenye jamvi ndani ya mlango, sinia la karanga za kukaanga upande mmoja, beseni la vifuko upande wa pili. Kazi hii aliifanya bila kuangalia. Karatasi anaikata katikati kwa kisu, nusu anaizungusha kidoleni mpaka inakuwa kama pembe, anaikunja ncha, anajaza, anafunga. Ukurasa mmoja hutoa vifuko viwili. Karatasi zake zilikaa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda: mitihani ya zamani ya shule, majibu ya hesabu ya watoto waliokwisha kuwa wazazi.

Boksi lilikuwa pale pembeni yake. Tupu.

"Mama, umezikata?"

"Nimekata nini?"

"Karatasi zangu! Zilizofungwa uzi! Chini kabisa!"

"Ee, zilikuwa na uzi. Uzi nimekuwekea, uko dirishani."

Profesa aliuona uzi. Umeviringishwa vizuri, kama kitu cha thamani. Hakujua kwa nini uzi ule ndio uliomchoma zaidi.

"Umefanya makusudi," alisema.

Mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya kwa sababu ya kufungua redio za watu, aliinua kichwa kutoka kwenye meza yake ya ufundi barazani.

"We! Unaongea na nani?"

"Naongea na mama yako! Tangu nianze kusoma ananikata jicho. Mara taa inawaka bure, mara chakula kinapoa, mara mwanamke mzima anafanya mitihani kama mtoto. Sasa ameona mwisho umefika, kazi yangu ya miezi tisa ameijaza karanga! Hataki nitoke kwenye ndoo, kwa sababu nikitoka kwenye ndoo atamtuma nani?"

 Nje walikuwa wanasikiliza bila kujificha.  Mama mkwe aliweka chini kifuko alichokuwa nacho, akaanza kuchambua karanga zilizoungua. Alichambua moja, ya pili, ya tatu. Karanga ya nne haikuwa imeungua, akaitupa nayo.

"Ngoja kwanza," Waya alisema. Aliweka bisibisi mfukoni, akaingia ndani. "Mama anajua kusoma?"

"Hajui, lakini anajua mwandiko wangu."

"Anaujuaje mwandiko wako, na hajui kusoma? Karatasi kwake ni karatasi. Nikuulize, nani aliyeziweka kwenye boksi la karatasi za karanga?"

Profesa alifungua mdomo. Waya alisubiri, kama anavyosubiri redio iliyotengenezwa ianze kusema.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeziweka. Msusi alikuwa na mtindo wa kuingia bila kubisha na kushika chochote kilicho mezani, kwa hiyo Profesa alitafuta mahali ambapo hakuna mtu atakayetafuta kitu cha kusoma. Boksi lile halijawahi kuisha tangu aolewe. Kila wiki Mzee Karani alileta mzigo mwingine kutoka shuleni, akapewa karanga zake za bure.

"Wiki tatu mzee hajaleta kitu," Waya alisema, sauti chini. "Karani mpya aliyeingia mwezi huu anazichoma moto. Mzee anaona aibu kusema, ndiyo maana siku hizi anapita hapa mlangoni mbio kama anayedaiwa. Mama alikwambia Alhamisi. Alisema, 'Boksi linaniishia.' Ukamwambia, 'Mama, subiri, nasoma.'"

Profesa alikaa kitandani. Alikumbuka vizuri alichokuwa akisoma Alhamisi. Kilikuwa kile kifungu alichokipigia mstari mara mbili: kwamba binadamu akikosea yeye husema ni hali ilivyokuwa, akikosea mwenzake husema ni roho yake mbaya. Alikuwa ameona kuwa ni jambo zuri mno. Alikuwa ameliandika hata kwenye kiganja ili asilisahau kazini, maji ya deki yakalifuta.

* * *

"Mama."

Mama mkwe aliendelea kuchambua karanga.

"Mama, nimekukosea. Ni mimi niliyeziweka. Sikukuuliza hata neno moja."

"Hukuniuliza," mama mkwe alikubali. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na akikasirika alizidi kuwa mdogo, kama anayejikunja aingie kwenye kifuko. "Nimesikia na mimi nimo humo."

"Umo."

"Yangu nani kainunua?"

Profesa alipiga magoti kwenye beseni, wakaanza kufungua vifuko vilivyobaki, kimoja kimoja, wakirudisha karanga kwenye sinia. Nusu ya Waya ilikuwepo. Mlinzi alikuwepo mzima. Kifuko cha kumi na nne na cha kumi na tano ndivyo vilivyokuwa mama mkwe.

"Nisomee."

"Mama, hayo ni mambo ya shule tu..."

"Wamesomewa watu uani, mimi mwenyewe nisisomewe?"

Akasoma. "'Mshiriki Namba Moja. Mwanamke, zaidi ya miaka sitini. Hupakua chakula cha wote, na hula wakati wengine wamemaliza. Akikaribishwa husema, Nimeshiba. Hajashiba. Alizoea hivyo wakati wa kulea watoto peke yake, chakula kilipokuwa hakitoshi. Sasa kinatosha, lakini mazoea hayajaambiwa.'"

Mafuta ya karanga yalikuwa yameipitia karatasi, mwanga ukawa unapenya kwenye maneno. Barazani Waya alikuwa ameacha kukaza alichokuwa akikaza.

"Nani kakwambia sijashiba?" mama mkwe aliuliza hatimaye.

"Nimekuona ukikwangua sufuria."

"Sasa ulitaka likwanguliwe na nani, na paka?"

Profesa alicheka, halafu kicheko kikamgeukia njiani, ikabidi afute macho kwa mkono unaonuka dawa.

"Na hapa chini pameandikwa nini?"

Hapo palikuwa pagumu kuliko pote. "Pameandikwa kwamba umekubali niandike."

"Nilikubali lini?"

"Hukukubali. Niliandika mwenyewe. Wote wanane niliwaandikia 'Ndiyo'. Niliona mtu akijua anaangaliwa atajibadilisha. Halafu... niliona mtakataa."

Mama mkwe alifikiri. Alikuwa amelea watoto watano na kuwazika wawili, na katika maisha yake yote hakuna ofisi iliyowahi kumwuliza kama anakubali kitu.

"Lete huo wino wako," alisema. "Nipake kidole. Hiyo 'Ndiyo' yako ifute, mimi nitaweka dole langu."

Aliligandamiza kwa uzito, kama anayeziba shimo. Kisha akasimama, akakung'uta maganda kwenye nguo.

"Vaa viatu. Nakumbuka kila niliyemuuzia. Karani viwili. Mama Mapacha vinne, maana yeye hanunui kimoja hata siku moja. Wale ndugu wa mwisho vitatu. Wengine wamepita njia kwenda dukani, na hao tutawafuata huko. Twende kabla watu hawajawashia moto."

* * *

Walianza kwa Mama Mapacha. Aliwapokea akiwa amekaa mlangoni, miguu imenyooshwa hivi kwamba mtu hawezi kupita bila kuomba.

"Karibuni wachunguzi. Leo mtaniangalia meno au?"

"Dada, nimekuja kuomba radhi," Profesa alisema. "Na kuomba karatasi zilizoko kwako. Na kama utakubali, sahihi."

"Kwanza niambie ipi ni mimi. Maana asubuhi nimejiaibisha kwa ukurasa wa watu."

Profesa aliupata ukurasa wa tatu kwenye lundo alilolikumbatia kifuani, akausoma. Mapacha wa Mama Mapacha, popote walipo, wakisikia mfuniko wa sufuria ukigonga, hukimbia na kumeza mate, hata kama sufuria ni tupu na mama yao anaosha vyombo tu. Huo ni mwitikio wa kujifunza, mfuniko umeshikamana na chakula akilini mwao.

Mama Mapacha alisubiri.

"Endelea."

"Imeisha, dada."

"Imeisha? Mimi nimebeba watu wawili tumboni, nimewazaa siku mbili tofauti, nimewauguza homa kwa zamu, wewe umekaa barazani miezi tisa ukaona mfuniko?"

"Ni... ni mfano mzuri sana wa nadharia."

"Nadharia! Yule mwenzangu umemwandika mpaka shati, mimi mfuniko!" Alipiga makofi, akamgeukia mama mkwe. "Mama, unaona huyu binti? Haya, kaa. Andika. Andika: mwanamke huyu akikasirishwa na mume wake huwagombeza watoto."

"Hiyo inaitwa kuhamisha hasira," Profesa alisema polepole.

"Iite unavyotaka. Iandike. Asubuhi nimemvaa Msusi wa watu, na niliyekuwa na hasira naye alikuwa ndani anakoroma. Lete kalamu nisaini, nami nimo duniani."

Mzee Karani hakuhitaji kuombwa. Aliwakuta njiani, vipande vyote alivyoviokota uani amevinyoosha ndani ya kitabu. Ya kwake alikuwa ameshaiona. Ilisema kwamba kila asubuhi, siku za shule, huvaa tai, hutembea mpaka geti la shule, husimama kidogo, huangalia saa, hurudi nyumbani.

"Mama wa karanga," alianza, hamwangalii Profesa, "karatasi zile... yule kijana mpya..."

"Najua, mzee. Karanga zako zipo palepale."

 Mzee akachukua kalamu, akaweka sahihi yake ndefu ya kikarani yenye mikia mitatu, ambayo haikuwa imepata kazi kwa miaka minne. Akaipuliza ikauke.

"Ongeza jambo moja, mwanangu. Siku za mvua siendi."

Mpaka saa nane walikuwa na kurasa saba. Nusu moja ya Waya waliikuta dukani, imeshafungiwa misumari, na muuzaji aliwafanya wanunue misumari yote ndipo awape. Ndugu wa chumba cha mwisho walisaini huku wakicheka, mlinzi alisaini huku amefumba macho kwa usingizi. Ulibaki ukurasa mmoja, nusu mbili, nyuma ya mlango uliofungwa taratibu.

* * *

"Fungua, mwenzangu."

"Ongea hapohapo."

Shati halikuwepo tena kwenye kamba. Vibanio viwili vilibaki, vimeachana kwa upana wa mabega.

Profesa alisogeza mdomo karibu na mbao. Alijua kila mtu uani alikuwa anajifanya ana kazi. "Sikuandika kwa kukucheka. Sikutaja jina. Ilikuwa iende kwa mwalimu tu, irudi."

"Ulikuja humu ukanywa chai yangu," Msusi alisema kutoka ndani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mara ngapi? Nikusukie bila malipo, tucheke, nikwambie mambo. Mimi najua nina shoga. Kumbe shoga ananihesabu. Nikicheka unaandika, nikinyamaza unaandika. Hivi ulipokuwa unaniuliza, 'Baba hajambo huko aliko?' ulikuwa unauliza, au ulikuwa unapima?"

Profesa alishusha sauti asisikike uani.

"Mwanzoni nilikuwa nauliza."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa napima."

Ndani kitu kilisogezwa, labda kigoda.

"Sisaini," Msusi alisema. "Shati nalifua kwa sababu nataka kulifua. Unadhani sijui kwamba harudi? Najua. Najua kuliko wewe na mwalimu wako. Lakini mwanamke wa peke yake, wanaume wanamgongea dirisha, wenye nyumba wanampandishia sauti. Shati lile ni mlinzi wangu. Andika hilo na wewe. Au usiandike. Nenda ukafeli."

Mama mkwe, aliyesimama hatua mbili nyuma, alimvuta Profesa mkono. Hakumvuta kwa nguvu.

* * *

Ukurasa wa tano haukuwepo, na saba si nane. Waya alipendekeza atunge mtu. "Nani atajua? Andika mtu yeyote, sahihi nitaweka mimi kwa mkono wa kushoto."

Profesa alitikisa kichwa kukataa, ingawa asubuhi ya siku hiyohiyo angekubali.

Alikumbuka kitu alichokisema mwalimu wiki ya pili, akipenga kamasi: kwamba mmoja kati ya wanane aweza kuwa mwanafunzi mwenyewe. "Kila mwaka nasema hivi," aliongeza, "na kila mwaka hakuna anayejiandika." Darasa lilicheka. Profesa alicheka pia.

Akavuta meza ya redio, akasukuma bisibisi pembeni, akaandika.

"Mshiriki Namba Tano. Mwanamke, miaka thelathini na minne, mfagizi wa hospitali. Hupima watu bila kuwauliza. Aliamini ameelewa sababu ya shati, na sababu aliyoiandika haikuwa kweli, au haikuwa yote. Akipatwa na jambo hutafuta wa kulaumiwa kabla ya kuangalia mikono yake. Leo alimtuhumu mama yake mkwe mbele ya watu kwa kosa alilolifanya mwenyewe, siku tatu baada ya kusoma kuhusu kosa hilohilo na kulipigia mstari. Chanzo: anaogopa kuzeekea kwenye ndoo. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini haimpi ruhusa. Mshiriki ameridhia: Ndiyo."

Akasaini. Ilikuwa "Ndiyo" ya kwanza katika zile zake ambayo mwenyewe aliulizwa kwanza.

Kisha akagundisha nusu kwa nusu kwa gundi ya karatasi, kurasa saba zenye madoa ya mafuta, moja yenye kutu ya msumari, ya nane nyeupe kabisa. Aliziweka juu ya meza, wazi, mlango wazi. Hazikuwa na mvuto wowote. Mwalimu huenda angezikataa kwa harufu tu. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena.

Nje jua lilikuwa limeanza kulegea. Mama mkwe alikuwa ameshapika wali na maharage, amepakua kwenye sinia. Waya alinawa. Profesa alinawa. Wote wawili hawakugusa chakula. Walikaa wakimwangalia mama mkwe.

"Mnaniangalia nini? Kuleni."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nyie watoto mna matatizo," alisema. Alisimama na kijiko chake cha kupakulia, mtu aliyekosa kazi ndani ya nyumba yake. Hatimaye akakaa, akanawa, akakata tonge la kwanza upande wake wa sinia. Alilitafuna kama anayeonja chumvi, halafu kama mtu mwenye njaa.

Kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa Msusi. Hakuingia bila kubisha kama siku zote. Alisimama nje ya kizingiti, karatasi mbili za mikunjo mkononi, macho mekundu lakini makavu.

"Sijasaini," alisema.

"Sikuombi," Profesa alisema. "Kaa nayo, au ichome. Namba Tano ni mimi sasa. Iko mezani, isome ukitaka."

Msusi alinyoosha shingo bila kuvuka kizingiti. Ukurasa mweupe ulikuwa juu ya wenzake. Alisoma, midomo ikimcheza kama asubuhi. Alipofika mwisho alirudi mstari mmoja nyuma, akausoma tena.

"Na wakikukataa kesho?"

"Ndoo yangu ipo."

 Msusi alikunja vipande vyake viwili, akavitia kifuani. Alibadilisha mguu wa kusimamia. Hakuondoka, na hakuwa na sababu ya kubaki.

"Wewe," mama mkwe alisema mdomo umejaa, "unatuzibia mwanga. Nawa mikono uingie."

"Asante, mama. Nimeshiba."

Mama mkwe aliacha kutafuna. Alisogea kwenye jamvi, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki kando yake.

"Hilo neno ni langu," alisema. "Liko pale mezani, karatasi namba moja, na nimeliwekea dole gumba. Ingia ule."